Mheshimiwa Aliyemkana Mama Muuza Chumvi

"Wewe mama! Hii mtu unajua?"

Swali hilo ndilo nililowaachia wiki jana, na wapo walionisimamisha njiani kunitukana kwa kulikatia hapo. Haya, tusigombane. Koplo Onzima bado amemshika mtu wake ukosi wa koti, bunduki inaning'inia begani, na jua la Bwera linawachoma wote wawili bila kuangalia cheo.

Kwa wewe ambaye gazeti lako lilifungiwa samaki kabla hujalisoma, aliyeshikwa ukosi ni Mheshimiwa Enoka Araali. Mbunge tangu mwaka wa uhuru, naibu waziri baadaye, mtu wa suti na Benzi nyeusi. Sasa ni mwaka wa sabini na mbili. Wanajeshi wamechukua nchi, Bunge limefungwa, na jina lake limesomwa redioni pamoja na majina ya watu ambao baadhi yao hawajaonekana tena. Amefuga ndevu. Amevaa koti la mvua la kuazima. Ametoka Kasese amelala juu ya magunia ya mkaa, na amebakiza kipande tu afike Mpondwe, avuke mto Lubiriha, aingie Kongo apone.

Kipande tu! Hapo ndipo koplo alipomdaka, katikati ya soko.

"Mimi ni mtu wa hapa hapa, afande," alijitetea. "Uliza mtu yeyote."

Koplo akauliza mtu yeyote. Akamnyooshea kidole mama mmoja mzee aliyeketi chini nyuma ya mabonge yake ya chumvi ya Katwe. Usiniulize mimi kwa nini katika soko zima, lenye wauza maharage na wauza kahawa na wauza kila kitu, kidole kilimwangukia huyo. Muulize koplo.

Mama huyo anaitwa Tabisa. Ndiye aliyemzaa mheshimiwa.

Enoka alipomwona, akageuza uso. Wala hakuwa amekuja kumtafuta. Tuseme ukweli, alikuwa amezunguka nyuma ya mabanda makusudi ili wasikutane, maana alikuwa na jambo alilomtendea mama huyu ambalo miaka yote hajaweza kulikumbuka bila kuziba uso kwa mikono.

Jambo gani? Twende Kampala upesi, kabla Tabisa hajafungua mdomo.

Mwaka wa sitini na mbili, katika soko hili hili, watu walimbeba Enoka mabegani. Hakuwa Araali siku hizo. Alikuwa Bwambale, mwalimu kijana kutoka Mahango, kule juu mlimani. Na Bwambale si jina la mtu kujichagulia. Kwa Bakonzo, mtoto wa kiume wa kwanza ni Baluku, wa pili ni Bwambale, utake usitake. Kaka yake Baluku ndiye aliyepanda na kushuka vilima vyote kumwombea kura, anagonga mlango hadi mlango, anawaambia watu, "Huyu ni mdogo wangu. Anajua kusema. Tumpeleke akatusemee."

Wakampeleka. Wakamchinjia mbuzi, wakamsindikiza kwa ngoma mpaka stesheni ya Kasese.

Kumbe Kampala ina mambo yake. Bungeni mheshimiwa wetu aligundua kwamba Mukonzo anatazamwa kama mtu aliyetoka porini jana. Marafiki aliowapata walikuwa Batoro, na Batoro wana desturi nzuri ya empaako, jina la heshima na mapenzi ambalo kila mtu hupewa na huitwa nalo kila anaposalimiwa. Siku moja wakiwa mezani, mwenzake akamwuliza, "Na wewe, mheshimiwa, empaako yako nani?"

Angesema hana. Kwani angekufa? Lakini alisema, "Araali."

Lilimtoka tu. Meza nzima ikamwita Araali, naye akasikia raha moyoni kama aliyevikwa koti jipya. Kuanzia siku hiyo Bwambale akaachwa nje ya mlango.

Lingeishia hapo, hata mimi ningemsamehe. Lakini alitaka cheo. Watu wa milimani walipoleta malalamiko yao serikalini, kwamba hawataki tena kutawaliwa na Batoro, aliyesimama Bungeni kuwajibu alikuwa nani? Yeye.

"Mheshimiwa Spika," alisema, amekamata ukosi wa suti, "mimi eneo hilo nalijua. Kule juu kuna ukungu na nyani tu."

Bunge likaangua kicheko. Naye akacheka. Redio ikayarudia maneno hayo jioni, na kule Mahango watu walizima redio zao. Mwezi haukupita, akawa naibu waziri. Na kwa kuwa tangu ule uchaguzi wa sitini na mbili hakuna aliyemtaka aombe kura tena, hakuona haja ya kurudi kwao kutazama nyuso za aliowaita nyani.

Sasa lile lenyewe. Siku moja mchana Tabisa akashuka treni Kampala, peku, na jogoo kwapani. Akauliza njia mpaka akafika Bungeni. Enoka alikuwa anateremka ngazi na waziri wake pamoja na wageni wa Ulaya.

"Bwambale!" mama akapaza sauti toka chini. "Bwambale! Bwambale wangu!"

Hakugeuka. Mama aliita tena, na tena, mpaka waziri akasimama.

"Araali, unamfahamu huyu mama?"

"Simfahamu," alisema Enoka. "Nadhani si mzima wa kichwa."

Akaingia garini. Kwenye kioo aliona askari wakimsukuma mama yake, na jogoo amechomoka anakimbia barabarani, na mama hamkimbilii. Amesimama tu analitazama gari. Alikuja kwa ajili ya nini? Enoka hakujua, maana hakuuliza, siku ile wala baada ya siku ile. Aliona aibu kuuliza, na kadiri miaka ilivyopita aibu ikazidi, na kadiri aibu ilivyozidi ndivyo alivyozidi kunyamaza.

Basi turudi Bwera. Koplo hana subira.

"Mama! Nauliza wewe! Hii mtu unajua?"

Enoka akafumba macho. Moyoni alisema, ana haki. Aseme hanijui kama mimi nilivyosema, yaishe.

"Namujua," Tabisa akasema.

"Ni nani?"

"Ni mutoto yangu. Bwambale."

Enoka alifumbua macho. Mama hakuwa anamtazama. Alikuwa anapanga chumvi yake, bonge juu ya bonge.

Koplo alimtikisa mateka wake. "Mutoto yako? Mimi natafuta Araali. Mukubwa ya Kampala. Iko na tumbo, iko na Benzi."

"Araali? Huyo mimi sikuzaa," Tabisa akajibu. "Kwetu hakuna jina hiyo. Huyu ni Bwambale tu. Na tumbo yenyewe iko wapi? Muangalie, afande. Amekonda hivi."

Wanawake wawili watatu walicheka chini chini. Koplo hakucheka.

"Sasa mbona yeye natetemeka? Mbona hajibu? Kinywa hana?"

Tabisa akafuta mikono kwenye kitenge chake. Akainua uso, akamtazama mwanawe machoni kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya ngazi.

"Si muzima wa kichwa," akasema.

Lahaula! Maneno yale yale! Enoka alisikia masikio yakiwaka moto. Mama anamwokoa au anamlipa? Msomaji, mimi nadhani alifanya yote mawili kwa mpigo mmoja, na mheshimiwa alistahili yote mawili.

Na kilichomuumiza zaidi ni soko. Unadhani watu hawakumtambua? Ndevu zile zingemdanganya koplo wa kuja, si watu wa Bwera. Fundi viatu Blasio, pale kwenye kibanda, ndiye aliyembeba begani mwaka ule. Alimtazama, akamjua, akainamia kiatu chake akaendelea kupiga msumari. Neno moja tu la Blasio lingetosha. Neno moja la yeyote kati yao. Hawakulisema, na Enoka alijua vizuri kwamba hawakunyamaza kwa ajili yake. Walinyamaza kwa ajili ya Tabisa.

"Kichaa, eh?" koplo akasema. "Haya, kichaa, ongea kilugha. Mimi nimekaa Kasese kwa barracks muda murefu. Bibi nilioa ni Mutoro ya Fort Portal. Mambo ya watu ya huku najua. Ongea!"

Enoka akafungua mdomo.

Hakuna kitu. Mtu aliyeweza kuhutubia Bunge saa nzima bila karatasi, leo salamu ya kwao haipati! Miaka kumi alikuwa anasema Kiingereza ofisini na Lutoro mezani, na Lhukonzo, lugha ya mama yake, aliitumia tu kuwafokea wageni wa kijijini waliokosea njia wakafika getini kwake. Akatafuta, akatafuta, jasho linamtiririka. Lililotoka mwishoni lilikuwa neno la mtoto mdogo, pengine ndilo la kwanza alilowahi kujifunza.

"Mama," alisema kwa Lhukonzo, "nina njaa."

Soko likalipuka. Watu walicheka mpaka wakashikana, na kicheko hicho kilikuwa na miaka mingi ndani yake. Hata koplo, alipotafsiriwa maneno hayo, alicheka.

Tabisa hakucheka. Alifunua kikapu chake akatoa kipande cha muhogo wa kuchemsha, akamtia mkononi.

"Kula."

Naibu waziri akala muhogo amesimama, mbele ya watu wote, ukosi ukiwa bado mkononi mwa askari. Alitamani ardhi ipasuke. Alitamani hata koplo ampige, kwa sababu kipigo angekivumilia kuliko muhogo ule wa mama yake.

Mngesema yamekwisha. Kumbe bado!

"Ngoja," koplo akasema, amekunja uso. "Bwambale ni wa pili. Sindiyo? Wa kwanza nyinyi mnaita Baluku. Baluku iko wapi? Alete Baluku hapa, yeye aseme kama hii ni ndugu yake."

Kicheko kikakatika. Pembeni ya Tabisa, mwanamke aliyekuwa anauza samaki wakavu aliacha kufukuza inzi.

Enoka naye alitazama huku na huku, na nitakwambia kitu cha kusikitisha: alifurahi. Ndiyo, Baluku! Kaka atakuja, atasema huyu ni mdogo wangu kama alivyosema mlango hadi mlango mwaka ule, na koplo ataridhika.

"Baluku iko Mahango," Tabisa akasema. "Chini ya udongo. Tulimuzika."

Enoka aliacha kutafuna.

"Lini?" koplo akauliza. Hakuuliza kwa huruma, alitaka kumnasa.

"Mwaka ile ya fujo. Watu walikuja na bunduki. Akatoka inje kuongea nao." Tabisa aliitazama chumvi yake. "Tulipomaliza matanga nikapanda treni, nikaenda Kampala kuambia mudogo wake. Sikumukuta."

Sikumkuta! Angeweza kusema alimkuta. Angeweza kusema alimkuta akiteremka ngazi na wazungu, akamwita mpaka sauti ikakauka. Enoka aliyasikia yale ambayo mama hakuyasema, yote, moja moja, na hakuweza hata kulia kwa sauti, maana kichaa asiyejua chochote angelilia nini? Jogoo yule. Miguu ile peku. Alikuja kumwambia kaka yako amekufa.

Lakini koplo alikuwa ameruka juu. "Kampala? Hii mtu alikuwa Kampala? Nafanya nini Kampala?"

Hapo msomaji shika moyo. Tabisa alikuwa amejikwaa, na aliyebaki hatarini si mheshimiwa peke yake.

"Alikuwa nabeba mizigo," mama akajibu bila kusita. "Kichwa yake iliharibikia huko huko Kampala, afande. Hapa alitoka muzima."

Koplo akamwangalia mama, akamwangalia mwana. Kisha akamgeukia yule muuza samaki.

"Wewe! Wewe uko karibu na huyu mama siku zote. Hii ni nani?"

Alikuwa amemuuliza Ithungu. Na Ithungu ni mjane wa Baluku.

Tabisa akanyanyuka nusu, akaketi tena. Ithungu hakuwa na sababu ya kumwokoa mtu. Siku ya maziko Ithungu alisema mbele ya watu wote kwamba akikutana na shemeji yake wa Kampala, hata kama ni kanisani, atamtemea mate usoni. Leo shemeji huyo hapa, mikono mitupu. Hakuhitaji hata kutema mate. Angesema tu, ndiye.

Ithungu akaja mpaka mbele ya Enoka, mikono inanuka samaki. Akasema naye kwa Lhukonzo, taratibu, kama anayemwamkia.

"Baluku aliwaambia wasituguse, kwamba mdogo wake yuko serikalini. Hilo ndilo neno lake la mwisho. Walicheka, wakasema hata huyo mdogo wako amesema nyinyi ni nyani."

"Nini hiyo?" koplo akafoka. "Sema Kiswahili!"

"Nasema huyu ni shemeji yangu, afande," Ithungu akasema, bila kuondoa macho kwa Enoka. "Ndugu ya bwana yangu kabisa. Na kichaa ni kweli. Mutu muzima wa akili angekuja kuzika ndugu yake."

Enoka alianguka magoti. Hapo kwenye magamba ya samaki, mbele ya Blasio na wauza maharage na wote waliompa kura, alilia kwa sauti. Haikuwa hila tena. Alilia kwa ajili ya Baluku, kwa ajili ya treni ile, na kwa sababu watu aliowauza ndio waliokuwa wanamficha.

Koplo akaachia ukosi akapangusa mkono kwenye suruali.

"Toa kichaa yako hapa!" akamwambia Tabisa. "Upesi! Yeye nanuka!"

Mama hakungoja kuambiwa mara mbili. Akamwinua mwanawe kwa mkono, akamwacha Ithungu aangalie chumvi, wakapita kati ya mabanda kuelekea mwisho wa soko. Pale lori la Célestin lilikuwa limeshawashwa, limejaa chumvi na samaki. Célestin ni mfanyabiashara wa Beni, Mkatoliki wa kuvaa rozari shingoni, na amenunua chumvi ya Tabisa tangu zamani. Watu wake wa ng'ambo na Bakonzo wa huku ni ukoo mmoja uliokatwa na mto.

"Enoka," nataka kuandika kwamba mama alimwita hivyo, lakini hakumwita chochote. Alimshika mkono tu, kama unavyomshika mtoto mnapovuka barabara.

"Mama," Enoka akasema. "Siku ile pale kwenye ngazi..."

"Nyamaza. Kichaa haombi radhi. Watakusikia."

"Mama, mimi nili..."

"Nimesema nyamaza! Utaomba ukiwa ng'ambo. Mimi nitakuja na chumvi, utaniomba huko mpaka uchoke." Enoka akafahamu kwamba mama amekwisha kupanga siku ya kuja kumwona. Baada ya yote! Aibu ikamshika upya, safari hii ikiwa imechanganyika na kitu kingine ambacho hakuwa amekionja kwa miaka mingi.

Célestin, ambaye habari za sokoni zilikuwa zimeshamfikia, aliwaona akatupa sigara.

"Mama Tabisa, upesi! Camion inaenda. Huyu ndiye mutoto?" Akamkagua Enoka juu mpaka chini. "Sikia, ndugu. Kwa daraja askari beko nauliza kila mutu jina. Mimi nitasema uko mubebaji yangu. Lakini jina utasema nani?"

Enoka akasita. Célestin akaliona hilo.

"Ee Mungu wangu," Mkongo akasema, anatikisa kichwa. "Mimi padri alinibatiza Célestin. Sasa mwaka huu kwetu serikali inakataza majina ya ubatizo yote, hata nchi yenyewe wanaiita Zaire. Wananiandika Kambale tu, maana niko mutoto wa pili, sawa na Bwambale ya huku. Nililia, ndugu. Niko mutu muzima na nililia. Wewe yako, nani alikukatazaka?"

Swali la kawaida tu, la mtu mwenye haraka. Enoka alitafuta wa kumsingizia. Waziri? Batoro wale mezani? Hao walimwuliza tu, tena kwa wema.

"Hakuna," alisema. "Hakuna aliyenikataza."

Tabisa akamvuta karibu. "Jina lako nani?"

"Bwambale."

"Bwambale wa nani?"

"Bwambale wa Tabisa. Wa Mahango. Mdogo wake Baluku."

"Tena."

Akasema tena, na safari hii kwa Lhukonzo, na ulimi haukumkwama. Mama akaitikia kwa kichwa. Akamfungia kitufe cha koti shingoni, maana ng'ambo kuna baridi. Kwa mara ya kwanza tangu atoke Kampala, Enoka aliona kwamba atapona, na kwamba akipona atarudi siku moja akalale juu ya kaburi la kaka yake amwombe msamaha. Akaweka mguu kwenye ngazi ya lori. Mama bado amemshika mkono wa koti.

"Bwambale!"

Ilikuwa sauti ya koplo, huko nyuma; lile neno Kampala lilikuwa bado linamwasha.

Mbebaji mmoja juu ya magunia aligeuka. Mnunuzi wa kahawa aligeuka. Mzee mmoja aliyekuwa anakojoa ukutani aligeuza shingo naye. Soko la Bwera limejaa watoto wa pili, na kila mmoja alidhani anaitwa yeye.

Enoka hakugeuka. Alikuwa anautafutia mguu wa pili mahali pa kukanyaga, jina likampita kama la mtu mwingine. Tabisa alimfinya mkono, akachelewa.

Koplo Onzima aliyaona yote hayo. Hakupiga kelele tena. Alisogea hatua chache, akalegeza sauti, akaita kwa upole, kama mke wake wa Fort Portal anavyowaita wageni wake waje mezani.

"Araali?"

Akageuka.

Aligeuka kabla hajafikiri, mwili mzima, na uso wake ulikuwa tayari na tabasamu, lile la kwenye ngazi za Bunge, la mtu anayeitwa na wakubwa. Tabasamu lenyewe likabaki usoni halijui pa kwenda. Alimwona koplo akiteremsha bunduki begani. Alimsikia Célestin akitaja jina la Bikira Maria. Kule kibandani Blasio aliacha kupiga msumari.

"Shuka, mheshimiwa," koplo akasema.

Lakini Enoka hakuwa anamtazama koplo. Alikuwa anamtazama mama yake, ambaye aliwahi kuita jina lile lingine toka chini ya ngazi mpaka sauti ikakauka, na leo ameona kwa macho yake jinsi mwanawe anavyogeuka anapoitwa kwa jina analolipenda.

"Hata leo," Tabisa alisema polepole. "Hata leo, mwanangu."

Na mkono wa koti hakuuachia.